Mstari wa Tano na Kichwa cha Rahma

Alhamisi, mwezi wa nne. Asubuhi mvua kubwa, mchana jua la kuchoma, na sasa jioni ziwa limetulia kama maji ya beseni.

Shajara, leo nimefanya jambo la aibu na jambo la fahari, na yote mawili nimeyafanya mbele ya watu walewale. Fahari imezidi. Ndiyo maana naandika sasa hivi, kabla ya chakula, kwenye simu ya kaka ambayo ni lazima niirudishe kabla giza halijaingia.

Rahma ni mtoto wa dada yangu Zubeda. Ana miezi saba. Alipokuwa na miezi minne alishikwa na homa kali na degedege, akalazwa siku tisa. Alirudi nyumbani amekonda, shingo kama kijiti, lakini yuko hai, nasi tukamshukuru Mungu na kupika wali.

Kisha polepole tukaanza kuona jambo. Dada humwita akiwa nyuma yake, naye hageuki. Siku nyingine hugeuka, tukafurahi, na kesho yake hageuki tena.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya kelele. Kila mgeni alikuja na kipimo chake. Jirani alipiga mfuniko wa sufuria. Mjomba alipiga makofi karibu na sikio. Watoto wa uani walileta filimbi ya mpira. Rahma akipepesa macho, wanasema, "Si mnaona? Anasikia huyu!" Akiendelea kunyonya vidole vyake, wanatazamana na kuuliza habari za bei ya ndagala, dagaa wa ziwani.

Neno kiziwi hawakulitamka mbele ya dada. Walilitamka wakishafika mlangoni, wakivaa viatu.

Dada alikuwa akitabasamu tu. Lakini mimi nalala naye chumba kimoja, na mtu anayelala nawe chumba kimoja hawezi kukudanganya kwa tabasamu.

Basi mwanzoni mwa likizo mwalimu wetu wa biolojia alituambia kwamba kuna watafiti wanakuja kutoka Bujumbura, watakaa wiki moja kwenye kituo cha afya karibu na mtaa wetu hapa Rumonge. Wana mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo wa watoto wachanga, ili kujua kama mtoto anatofautisha sauti. Walihitaji mwanafunzi mmoja anayeweza Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, awatafsirie wamama. Niliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza. Wenzangu walicheka. Sikuwaambia ni kwa ajili ya nani.

Mkuu wa watafiti ni Daktari Goreth. Ni mwanamke mfupi, mwenye miwani, anayeongea kana kwamba ana muda wote duniani. Jumatatu asubuhi, kabla wamama hawajafika, alinieleza kazi yao, nami nikaandika kwenye daftari. Nitaieleza hapa kama nilivyoielewa.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana, mdogo kuliko wa betri ya saa. Mtoto anavalishwa kofia ya nyavu yenye sifongo ndogondogo zilizoloweshwa maji ya chumvi. Kila sifongo inashika ule umeme na kuupeleka kwenye kompyuta, nao unaonekana kama mistari inayopanda na kushuka. Kisha kipaza sauti kinasema: ba, ba, ba, ba, ba. Mara nyingi sana. Halafu ghafla: da. Ubongo uliozoea ba unashtuka kidogo unapokutana na da, na ule mshtuko unaonekana kwenye mstari. Kama sikio halikuleta tofauti yoyote, ubongo hauna cha kushtukia.

Mimi nilifikiria mashine ya kukamua mawese iliyo nyuma ya shule yetu. Inanguruma kutwa, wala hatuisikii. Lakini injini ikibadilisha mlio hata kidogo, darasa zima linainua kichwa.

Nilimwambia Daktari hivyo. Alicheka, akasema ni mfano mzuri na atauiba.

Kilichonishika moyo ni hiki: mtoto hahitaji kugeuka. Hahitaji kupepesa macho wala kucheka. Anaweza kuwa amelala usingizi, na ubongo wake ukajibu kwa niaba yake. Makofi na mifuniko ya sufuria haikuweza kutuambia hilo, kwa sababu mtoto anaweza kugeuka kwa kuona kivuli cha mkono, au kwa kuhisi upepo tu.

Niliandikisha jina la Rahma siku hiyohiyo. Zamu yake ilikuwa leo, Alhamisi, saa tatu.

Sasa nifike kwenye aibu.

Kulikuwa na karatasi ya Kifaransa ya kuwasomea wamama namna ya kumwandaa mtoto. Mistari saba. Njoo na kitabu cha chanjo. Mnyonyeshe mtoto hapohapo kabla ya kipimo. Asilale sana asubuhi, ili apate usingizi hapa. Mstari wa nne ulisema mtoto aoshwe kichwa kwa sabuni asubuhi hiyo. Mstari wa tano ulisema asipakwe mafuta yoyote kichwani, wala kwenye paji la uso, wala nyuma ya masikio.

Wewe unayesoma huenda huoni ugumu wake. Basi sikiliza. Hapa kwetu mtoto mchanga hatoki nje bila mafuta. Akishaoshwa anapakwa mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yanayonukia kama kitu kilichokaangwa, kuanzia utosini mpaka nyayo, na utosini ndipo panapopata mengi kuliko kote. Mtoto mkavu ni aibu ya mama yake. Watu watasema hana wa kumfundisha. Watasema mtoto ana unga kama muhogo. Na ukimpeleka kwa wakubwa, kwa daktari, kwa shehe, kwa padri, ndiyo unaongeza mafuta.

Jumatatu wamama walikaa kwenye mabenchi, nami nikasimama mbele yao na karatasi yangu. Nilipofika mstari wa nne, wa kuosha kichwa, akasimama mama mmoja mtu mzima aliyemsindikiza mkwewe kutoka kijiji cha Kizuka. Wanamwita Mama Joseline. Ana sauti ya kuita watu sokoni.

"Eh! Sasa weye mutoto ndo unakuya kutufundisha kuosha batoto?" alisema. "Umezaa bangapi?"

Benchi zote zilicheka. Hata dada Zubeda alicheka kidogo, namsamehe.

"Sijazaa, mama," nikasema.

"Basi soma tu, maman. Soma, tunasikia."

Nikatazama karatasi. Mstari wa tano ulikuwa ukinisubiri. Wasichana wa umri wangu hawaambii wanawake wa umri ule wawalete watoto wao wakavu mbele ya wageni wa Bujumbura. Nikasoma mstari wa sita.

Niliruka, shajara. Kwa makusudi. Nilijiambia kwamba sabuni ya mstari wa nne ingetosha, na kwamba mafuta kidogo hayawezi kuishinda mashine iliyotoka mbali.

Jumanne walifunga vyombo na kuvijaribu. Jana, Jumatano, wakaja watoto wanne wa kwanza, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Mama Joseline, anang'aa kama kiatu cha Idi. Mistari kwenye kompyuta ilikuwa ya ajabu. Mingine ilirukaruka kama mvua juu ya bati, mingine ililala kabisa. Mzee Tharcisse, fundi wa mashine, alikagua waya moja moja. Alizima jenereta akatumia betri. Aliongeza chumvi kwenye maji. Alifuta vichwa vya watoto kwa pamba, akasikia harufu ya mafuta, lakini akasema kwamba Rumonge yote inanukia mafuta, hata mkate wake wa asubuhi.

Mchana Daktari Goreth aliniita kando. Aliniuliza kwa upole kama niliwasomea wamama mistari yote.

Nikasema ndiyo.

Yeye akaniamini. Kwa kuwa aliniamini, lawama zote zikaenda kwenye mashine.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, Bibi alimwosha Rahma kwenye karai la jikoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mwavuli. Niliona Bibi akichukua ile chupa, akimimina kwenye kiganja, akisugua viganja viwili vipate joto, kisha akaviweka juu ya utosi wa Rahma na kuzungusha polepole. Bibi ana mikono mizuri. Ametulea sisi sote kwa mikono ile.

"Bibi," nikasema, "leo labda usipake kichwani."

"Unataka aende kwa dokta akiwa na majivu kama sungura wa shambani? Lete kofia yake."

Nikaleta kofia yake.

Naandika haya polepole kwa sababu hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Jumatatu nilikuwa sijui madhara. Leo asubuhi nilikuwa najua, au nilikuwa nakisia sana, kwamba mafuta yanazuia sifongo kushika ule umeme, na mtoto alikuwa wetu.

Saa tatu tukaingia. Dada alikaa kwenye kiti cha plastiki, Rahma mapajani. Mzee Tharcisse alimvalisha kofia ya nyavu, akaisukuma hapa na pale, akatazama skrini, akatikisa kichwa. Mistari ilirukaruka vilevile. Alijaribu tena. Akamwaga maji ya chumvi zaidi, yakamtiririkia Rahma shingoni, naye akaanza kulalamika.

Daktari Goreth akavua miwani, akasugua macho. Alimwambia Mzee Tharcisse kwa Kifaransa kwamba haina maana kuendelea kuwasumbua watoto, kwamba mashine irudishwe Bujumbura leo hii ikakaguliwe, na kwamba huenda watarudi mwaka ujao, Mungu akipenda.

Mwaka ujao. Rahma atakuwa na mwaka na nusu. Atakuwa amepigiwa mifuniko ya sufuria mwaka mzima.

Dada akanigusa mkono. "Wanasema nini?"

Nilimgeukia Daktari.

"Daktari, mstari wa tano sikuusoma."

Aliniangalia kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Upi?"

"Wa mafuta. Niliuruka. Watoto wote wamepakwa mafuta ya kokwa kichwani. Hata huyu."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Nilisema uongo."

Mvua ilikuwa imekatika, maji yanadondoka kwenye ukingo wa bati. Kisha Mzee Tharcisse akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, akashika kiuno.

"Kumbe tangu jana nagombana na jenereta ya watu bure! Nimeitukana mpaka baba yake!"

"Tharcisse, usicheke," alisema Daktari, lakini niliona mdomo wake ukipambana. Kisha akanigeukia, na mdomo ukatulia kabisa. "Unajua kwamba watoto wanne wamepoteza siku yao? Wamama wao wameacha mashamba na biashara."

"Najua, Daktari."

"Tutaongea. Sasa katafute maji ya moto."

Dada bado alikuwa ananitazama. Kifaransa chake ni cha shule ya msingi, alishika maneno machache tu. Kwa hiyo nililazimika kuungama mara ya pili, kwa Kiswahili, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Asubuhi ulimwona Bibi akimpaka?" aliniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

Dada si mtu wa maneno mengi. Alimvua Rahma fulana, akamlaza begani. "Haya," akasema, "shika beseni."

Tulimwosha pale nje, kwenye baraza la wodi ya wazazi. Sabuni ilikuwa ile ya kipande ya hapa Rumonge, inayotengenezwa kwa mawese, kwa hiyo tulikuwa tunatoa mafuta kwa mafuta. Mara ya kwanza maji yaliteleza juu ya nywele kama juu ya jani la mgomba. Mara ya pili povu likaja dogo, la kijivu. Mara ya tatu likaja jeupe. Rahma alilia kwa nguvu zake zote, miguu hewani, mpaka wagonjwa wakatoka kutazama.

"Ah, sauti iko," alisema Mzee Tharcisse kutoka dirishani. "Hiyo haina haja ya mashine."

Dada akacheka. Nilipomsikia anacheka nikaanza kulia mimi, kidogo tu, nikajifanya povu limeniingia machoni.

Kisha alimkausha, akamnyonyesha, na Rahma, aliyechoka kwa kilio chake mwenyewe, akalala na titi mdomoni. Mzee Tharcisse alikuja kwa vidole vya miguu, mtu mzima yule, akamvalisha kofia polepole kama anavisha yai. Sote tukageukia skrini.

Mistari ilitulia.

Sikujua kwamba mistari inaweza kupendeza. Ilikuwa myembamba, ikipanda na kushuka kwa utaratibu, kumi na kadhaa, mmoja juu ya mwingine, kama mawimbi madogo ya ziwa asubuhi kabla ya upepo. Ule ulikuwa usingizi wa Rahma. Nilikuwa nautazama usingizi wake kwa ndani.

Daktari akainua kidole tukae kimya. Ba, ba, ba, ba. Sauti ilikuwa ya mwanamke, si kali. Ba, ba, ba, da. Ba, ba. Nilimtazama Rahma usoni nikitafuta dalili yoyote. Hakuna. Hata kope haikutikisika. Kama angekuwepo mjomba wangu na makofi yake angesema tayari, mnaona, hakuna kitu. Na kila da ilipopita nilikaza macho usoni mwake, halafu ba zinarudi, halafu nasubiri nyingine.

Ilichukua muda mrefu. Mguu wangu ulikufa ganzi. Dada hakusogea hata mara moja, jasho linamshuka kidevuni mpaka kwenye kanga. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba jibu moja haliwezi kuonekana, kwa sababu ubongo una mambo mengi ya kufanya kwa wakati mmoja. Inabidi kukusanya ba nyingi na da nyingi, na kutafuta wastani wake.

Walipomaliza, kompyuta ikafanya hesabu yake. Kisha ikatokea picha yenye mistari miwili tu, mweusi wa ba na mwekundu wa da. Ilianza pamoja kushoto, imelaliana, huwezi kusema upi ni upi. Ikasogea kidogo kulia.

Ikaachana.

Mwekundu ulipanda peke yake, ukakaa juu kitambo, kisha ukarudi kwa mwenzake. Nafasi iliyokuwa katikati yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo.

Daktari aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akanigeukia na kuanza kusema kwa Kifaransa, sentensi kwa sentensi, akisubiri nitafsiri. Dada alikuwa ananitazama mdomo.

"Anasema ubongo wa Rahma umetofautisha zile sauti mbili," nikasema. "Anasema sauti zinamfikia."

"Alhamdulillahi!" Dada aliinamisha uso wake juu ya kofia ya nyavu, mabega yakaanza kutikisika, analia na kucheka pamoja, na Mzee Tharcisse akaanza kusema pole pole mama, waya, waya.

Daktari alikuwa bado anaendelea. Na maneno yaliyofuata hayakuwa matamu kama yale ya kwanza. Alisema jibu la Rahma ni dogo kuliko la watoto wengi wa umri wake aliowahi kuwapima. Alisema kipimo kimoja cha mtoto mmoja hakiwezi kusema kila kitu, kwamba inawezekana sikio moja ni zima na jingine lina kasoro, na inawezekana hakuna kasoro yoyote, lakini baada ya ugonjwa ule ni lazima Rahma apelekwe kwa daktari wa masikio Bujumbura, na mapema.

Kisha akanisubiri nitafsiri.

Shajara, nitakuambia ukweli. Dada alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu mwezi wa kwanza. Ningeweza kuiacha hapo. Ningeweza kumwambia kesho, au keshokutwa, au kumwachia mtu mwingine amwambie. Hakuna mtu mle chumbani ambaye angejua mara moja. Nilisikia kabisa ulimi wangu ukijiandaa kuruka.

"Dada," nikasema, "bado kuna maneno mengine. Futa machozi kwanza unisikilize."

Nikamwambia yote. Dogo kuliko la wengine. Sikio moja, labda. Bujumbura, mapema. Nilipokosa neno nilimwomba Daktari arudie, nikalitafuta mpaka nikalipata. Nilimwona dada akiyapokea moja moja, na uso wake haukuanguka kama nilivyoogopa. Ulikaza tu, kama uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo na sasa anajua uzito wake.

Kisha akauliza swali. "Muulize, hiyo ya sikio moja, ndiyo maana siku nyingine anageuka na siku nyingine hageuki? Kwa sababu inategemea niko upande gani?"

Nilitafsiri. Daktari Goreth akamtazama dada yangu, ambaye aliacha shule darasa la sita, akavuta kalamu akaliandika lile swali kwenye karatasi ya kumpeleka Rahma Bujumbura. Alisema inawezekana kabisa, na kwamba hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari wa masikio anapaswa kulisikia.

Nilijisikia fahari mpaka kwenye vidole vya miguu. Nina fahari na dada. Nina fahari na Rahma, aliyefanya mtihani akiwa amelala na kuujibu. Na nina fahari kidogo na mimi pia, ingawa sistahili yote.

Sistahili yote kwa sababu Daktari hakusahau. Baada ya dada kutoka, alinikalisha. Hakupaza sauti. Alisema mtafsiri ni daraja, na daraja lililokosa ubao mmoja ni hatari kuliko kukosa daraja, kwa sababu watu wanapita wakiliamini. Alisema pia kwamba angeweza kunibadilisha, lakini anapenda zaidi nirekebishe mwenyewe. Watabaki mpaka Jumamosi. Watoto wale wanne warudi, na mimi ndiye niwaite, nyumba kwa nyumba, na kueleza kwa nini.

Mchana huu nimeshafika nyumba tatu. Mmoja alinifokea, wawili walicheka. Amebaki Mama Joseline wa Kizuka. Nimemwacha wa mwisho kwa sababu ni mbali. Hapana, si kwa sababu ni mbali. Nitakwenda kesho alfajiri, kabla hajampaka mtoto.

Nyumbani Bibi alikuwa anatusubiri mlangoni, habari ilishamfikia kabla yetu. Alikuwa amenuna.

"Kwa hiyo ni mafuta yangu yalimuziba mutoto masikio?"

"Hapana, Bibi," alisema dada. "Yaliiziba mashine. Mutoto mwenyewe hana neno na mafuta yako."

Bibi alifikiri. Akamchukua Rahma, akamnusa kichwa kikavu, akakunja uso. "Ananuka sabuni kama sahani," akasema. Akaenda naye ndani. Sasa hivi namsikia akiimba, kwa upande wa kushoto wa kichwa, kisha anamgeuza na kuimba kwa upande wa kulia, anatazama, anageuza tena. Tumempa kipimo kipya, Mungu atusaidie. Lakini angalau huyu anaimba.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, ila dada ameingia sasa hivi akakaa kitandani. Amesema safari ya Bujumbura itakuwa wiki ijayo, na mimi nitakwenda naye. Hataki mtu mwingine amtafsirie.

Nimemuuliza kama ana hakika, baada ya yale niliyoyafanya.

"Leo ungeweza kunificha nusu," amesema. "Nilikuona ukitaka. Hukunificha." Akainuka. "Fua ile gauni ya bluu. Hatuendi Bujumbura na gauni ya mavumbi."

Gauni nimeshaliloweka.